Mwandiko wa Binti Yangu na Poda ya Mwalimu Wake

Mwandiko mbaya kuliko yote niliyowahi kusoma ulikuwa wa profesa. Nina kibanda cha kupiga mashini na kutoa fotokopi kwenye barabara inayokwenda Kasapa, na wanafunzi wa chuo kikuu huniletea kazi zao za kumaliza masomo zikiwa zimejaa pembeni alama nyekundu za wakubwa wao. Mwanafunzi husimama nyuma ya kiti changu, akakodoa macho, akashindwa, kisha akaniomba, "Mama, weye ulishazoea, angalia ule muntu anataka kusema nini." Nami naangalia. Kuna profesa mmoja ambaye herufi zake zote ni mstari mmoja unaopanda na kushuka, na sijasikia hata siku moja kwamba kuna mtu aliyemwambia arudie mwaka. Wanamwita daktari na wanamfungulia mlango wa gari.

Naanza na huyo kwa sababu bado nina hasira, na sitaki kujifanya sina.

Binti yangu alikuwa na miaka saba, yuko mwaka wa pili wa shule ya msingi. Kusoma alijua kabla hajavaa sare. Alijifunza hapo kibandani, ameketi juu ya katoni ya karatasi kando yangu, akifuata maneno ya Kifaransa kwenye skrini kadiri yalivyotoka chini ya vidole vyangu. Alisoma majina ya maduka, alisoma karatasi za kufungia mikate, alisoma kwa sauti kubwa matangazo ya misiba yaliyobandikwa ukutani mpaka nikamwomba anyamaze. Wateja wangu walicheka, wakasema huyu shule kwake itakuwa mchezo. Mimi nilivimba kichwa kama mama yeyote.

Halafu wakampa bic, kalamu ya wino.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye mtoto wake anaandika bila taabu. Herufi zake hazikukaa juu ya mstari. Nyingine zilipaa, nyingine zilizama, na neno lililoanza likiwa na ukubwa wa haragwe lilimalizika likiwa na ukubwa wa punje ya mtama. Herufi "a" haikufungwa. Alikandamiza bic mpaka karatasi ikatoboka, na mwisho wa ukurasa vidole vilikuwa vimekakamaa. Ubao ulikuwa mateso zaidi. Aliinua macho, akaona neno, akalisoma vizuri kabisa, akainama. Alipofika kwenye karatasi hakujua tena aliishia wapi. Akainua macho tena kulitafuta neno. Wenzake walikwisha kumaliza na mwalimu alikwisha kufuta.

Hata hesabu ziliharibika hivyo hivyo. Ukimuuliza kwa mdomo, jibu linatoka kabla hujamaliza swali. Akiziandika tarakimu moja chini ya nyingine, zinahama: makumi yanasogea kwenye nyumba ya mamoja, naye anajumlisha alichokiona pale. Jumla inakuwa sahihi kwa zile tarakimu zilizohama, na mwalimu anaweka sifuri nyekundu.

"Maman," aliniambia siku moja, "macho yangu inajua. Mukono njo inakataa."

Mama yangu, ambaye ninaishi naye, hakutaka kusikia mambo ya mkono kukataa. Baba yangu alikuwa karani wa reli, na aliupata ukarani huo kwa mwandiko. Mapadri wa misheni walimtazama akiandika, wakamwombea reli imtoe kwenye kikosi cha kubeba vyuma, imkalishe mezani na shati jeupe. Kwa hiyo kwetu mwandiko mzuri si pambo. Ndio uliotulisha bukari, ugali wetu, ndio uliotujengea nyumba, na mtoto mwenye mwandiko mbaya anaonekana kama mtoto asiyeoga. Mama yangu aliishika kaye, daftari la mjukuu wake, kwa ncha za vidole.

"Uyu mutoto iko muvivu," alisema. "Baba yako, mukono yake ilikuwa inaandika sawa mashini. Ile uvivu alitoa wapi?"

Alikuwa ananitazama mimi. Moyoni niliungua, maana mtoto aliyeitwa mvivu alikuwa ametumia jioni nzima kunakili mistari michache, ulimi nje, jasho puani.

Mwalimu wake alikuwa kijana mpole mwenye mwandiko ambao baba yangu angeuvulia kofia. Herufi zake ubaoni zilisimama zimeinama kidogo upande mmoja, zote kwa kimo kimoja. Darasa lilijaa watoto watatu watatu kwenye benchi, na yeye hakuwahi kuinua sauti. Lakini shuleni kwake kulikuwa na desturi: kaye nzuri hutundikwa ukutani kwa uzi ili mkaguzi azione akiingia, na wenye kaye mbaya hubaki ndani wakati wa mapumziko wakinakili upya. Binti yangu hakulijua jua la saa nne mwaka ule wote. Nilipokwenda kumuona mwalimu, alinipokea kwa heshima.

"Mama, mutoto yako iko na akili mingi," alisema. "Mais mwandiko yake, Mama! Inspecteur akiona ile, atasema miye sifundishe."

Basi nilirudi nyumbani na hilo tu, kwamba mkono wa mtoto wangu unamletea mwalimu aibu.

Baada ya Krismasi, mwalimu huyo huyo aliingia kibandani kwangu na bahasha ya kahawia chini ya kwapa. Nilidhani amekuja kumshtaki mtoto. Kumbe siku ambazo hafundishi alikuwa anasoma chuo kikuu, anamaliza mambo ya elimu na saikolojia, na alihitaji mtu wa kumpigia mashini kazi yake. Nilitoa karatasi kwenye bahasha nikasoma kichwa cha habari, kisha nikakisoma tena. Kazi yake ilihusu jinsi jicho na mkono vinavyoshirikiana, na namna ushirikiano huo unavyojenga au kuharibu mwandiko wa watoto wanaoanza shule.

"Miye nilifundisha myaka mingi bila kujua ile kitu iko na jina," alisema, na alionekana kweli ameguswa. "Mutoto anaona muzuri. Mukono yake iko nguvu. Mais njia ya kutoka ku jicho kuya ku mukono haiyakomaa. Haina uvivu, Mama."

Haina uvivu. Nilitamani mama yangu awepo asikie kwamba si uvivu.

Aliniomba ruhusa ya kumpima binti yangu pamoja na wengine wa darasa lake. Ningemkatalia vipi? Jumamosi alikuja kibandani. Nilikuwa nimemsuka mtoto nywele upya, nimemvalisha gauni la kanisani, kama tunakwenda kupiga picha. Mwalimu alimwekea mbele kadi zenye michoro: duara, msalaba, almasi, halafu maumbo mawili yaliyoingiliana. Kazi ilikuwa kuichora vilevile. Binti yangu aliitazama almasi, akaeleza kwa mdomo kwamba ina ncha nne, kwamba imesimama juu ya ncha moja, kwamba pande zake zote ni sawa. Kisha akachora kitu kilichofanana na nyanya iliyokanyagwa. Alikiona mwenyewe. Alinywea.

Mwalimu, kinyume chake, alikuwa karibu kuruka kwa furaha.

"Njo vile! Unaona, Mama? Jicho inaona yote. Mukono njo inakosa njia. Sikukuwa nayo mutoto mwingine wa kuonyesha ile muzuri hivi!"

Nililia mbele yake, na sikuona haya. Nilikuwa nimebeba neno "uvivu" tangu mwaka wa kwanza, na sasa mtu mwenye elimu, mtu mwenye kalamu nyekundu, alikuwa amelitua chini.

Niliipiga kazi yote mwenyewe, sikumwachia kijana wangu wa fotokopi hata ukurasa mmoja. Umeme ulipokatika niliwasha jenereta kwa mafuta yangu. Mwanangu alikuwamo, bila jina, kama kawaida ya kazi hizo: mwanafunzi wa kike, miaka saba, anasoma vizuri kupita umri wake, anashindwa kunakili. Na mwishoni zikaja kurasa za mapendekezo, ambazo nilizipiga polepole kwa sababu nilikuwa nazisoma kwa ajili yangu. Mtoto wa namna hii akalishwe mbele, karibu na ubao. Awekewe maneno ya kunakili mezani, kando ya mkono wake, asilazimike kuinua macho kila mara. Apewe mistari mipana na muda zaidi. Aulizwe kwa mdomo. Alama za hesabu na za lugha zisikatwe kwa kosa la mwandiko. Na kumrudisha mwaka kwa sababu ya mwandiko peke yake ni kuuadhibu mkono bila kuufundisha.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara nyingi. Nilimsahihishia hata mkato mmoja aliousahau. Mtu akiandika jambo kama hilo kwa mwandiko mzuri namna ile, unaamini analiamini.

Nikaanza kazi nyumbani kwa kufuata kurasa zake. Nilichora mistari mipana kwa rula. Nilimwaga unga wa mahindi kwenye sinia, mtoto akaandika herufi kwa kidole, kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka mama yangu akapiga kelele kwamba tunachezea chakula. Tulirushiana mpira uani. Nilimpa shanga na uzi, naye mwanzoni alikosa tundu, akakosa tena, akatupa uzi kwa hasira, akauokota. Mabadiliko hayakuja kwa haraka. Lakini kabla ya kiangazi kufika katikati, "a" yake ilianza kufungwa. Maneno yalijifunza kukaa. Ulikuwa bado si mwandiko wa kutundika ukutani, lakini ulisomeka, na mimi nasoma miandiko kwa riziki yangu, najua ninachosema.

Shuleni, hakuna kilichobadilika. Mtoto aliendelea kukaa nyuma karibu na dirisha lililovunjika, akaendelea kunakili kutoka ubaoni, akaendelea kubaki ndani wakati wa mapumziko. Kaye zilirudi zimejaa nyekundu. Nilimtafutia mwalimu visingizio mwenyewe: anangoja kwanza kazi yake ikubaliwe, darasa limejaa, ataanza muhula unaofuata. Siku ya mtihani wa mwisho nilimwamini bado.

Kwetu matokeo ya mwisho wa mwaka hayatumwi nyumbani kimya kimya. Yanatangazwa uwanjani mbele ya wazazi wote, na siku hiyo tunaiita proklamasio. Mkuu wa shule husimama na orodha, anamwita aliyeshika nafasi ya kwanza, kisha wa pili, anashuka hivyo hivyo, na kila anayeitwa hukimbilia kwa wake, nao humwagia poda nyeupe kichwani mpaka anafanana na mwokaji mikate. Asiyeitwa, yaani anayerudishwa mwaka, anabaki kwenye mstari, mweusi, msafi, kila mtu akimwona.

Nilikuwa na kopo la poda ndani ya mkoba. Mama yangu pia alikuja, na kitambaa chake cha sikukuu.

Mkuu wa shule alisoma. Watoto walikimbia, poda ikapaa, wanawake wakapiga vigelegele. Mstari wa mwaka wa pili ukapungua. Binti yangu alikuwa amesimama wima, mikono imebanwa ubavuni, macho kwangu. Kila jina lilipotajwa aliinua mguu kidogo, akaurudisha. Kisha mkuu wa shule akafunua ukurasa, akaanza mwaka wa tatu.

Sitasahau namna alivyoendelea kusimama. Alidhani wamemruka, kwamba jina lake limejificha kwenye ukurasa mwingine. Mimi ndiye niliyekwenda kumshika mkono kumtoa pale.

Mwalimu nilimkuta chini ya baraza ya darasa. Hakukimbia, nampa hilo.

"Maître," nilisema, "mutoto anasoma kupita bote. Calcul anajua. Amerudishwa mwaka juu ya nini?"

"Points, Mama. Écriture, copie, dictée, na ile calcul ya mu kaye. Points haikufika." Yaani alama za mwandiko, za kunakili, za imla, na za hesabu za daftarini.

"Mais weye njo uliandika asirudishwe juu ya mwandiko. Ile ukurasa miye njo niliipiga."

Alitazama huku na huku, akashusha sauti, si kwa ubaya, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumba.

"Mama, ile ya mu travail ya chuo iko ya travail. Huku ku shule kuko règlement, sheria yake. Directrice anaangalia kaye, haangalie théorie. Nikimupatia mutoto yako points ya mudomo, bazazi bengine batasema nini? Batasema juu weye njo unapiga travail yangu. Na kudubler, kurudia mwaka, haiko azabu. Atakomaa."

Kila ambalo ningemjibu alikuwa ameliandika yeye mwenyewe, vizuri zaidi. Hilo ndilo lililonikata. Mtu asiyejua unaweza kumfundisha. Huyu alijua, na alijua kwa sababu alimpima mwanangu.

Tulipofika nyumbani mama yangu alichukua lile sinia, akamwaga unga, akalisukuma mbele ya mtoto. "Andika," alimwambia, kwa sauti ya chini. Sikuwahi kumsikia tena akitamka uvivu.

Wiki iliyofuata mwalimu alitetea kazi yake mbele ya maprofesa, na akanialika, kwa kuwa ndimi niliyeipiga. Nilikwenda. Watu walinishangaa, lakini nilitaka kumsikia akiyasema yale kwa mdomo wake. Aliyasema. Alisimama amevaa suti, akaeleza habari za mwanafunzi wa kike wa miaka saba, akaonyesha ile almasi iliyofanana na nyanya, na ukumbi ukatikisa vichwa kwa huruma. Mwenyekiti wa jopo alikuwa profesa yule yule mwenye mwandiko wa mstari mmoja. Alimsifu mtafiti kwa moyo wake na kusema kwamba shule zetu zinahitaji walimu wanaomwona mtoto nyuma ya kaye. Wakampa alama za juu.

Nje mke wa mwalimu alimngoja na poda. Akamwagiwa kichwani, mabegani, kwenye suti, vigelegele vikapanda. Alinijia akicheka, mweupe tangu kope mpaka viatu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, aksanti, aksanti sana!" Poda ilianguka kwenye kitenge changu. Nikamwambia hongera, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Siku chache baadaye alileta masahihisho machache ya maprofesa, ili nitoe nakala za mwisho, za kufungwa kwa jalada gumu na kuwekwa kwenye maktaba ya chuo. Nilikuwa nayaingiza huku binti yangu ameketi juu ya katoni yake, anafuata skrini kama zamani. Sikumficha. Alisoma kimya, midomo ikicheza, kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Maman, uyu mutoto mwanamuke wa myaka saba, ni miye?"

"Ni weye."

Akaendelea kusoma. Alipita ukurasa wa almasi bila kuutazama sana. Alifika kwenye mapendekezo, akayasoma yote, pamoja na ile sentensi ya mwisho, na hakuuliza maana yake, kwa sababu alikuwa ameielewa.

"Na uyu mutoto," aliuliza, "ku mwisho alipita?"

Niliteremsha kurasa mpaka kwenye vitabu alivyovitumia, nikapandisha tena. Nilijua hakuna, lakini nilitafuta.

"Haiko hapa," nilisema. "Maître hakuandika."

"Basi alisahau," alisema binti yangu. "Umuandikie."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira hata kidogo. Kwake ilikuwa kazi tu ya mama yake: watu wakisahau mkato, mama anauweka.

Nikarudi kwenye mapendekezo, chini ya sentensi ile ya kuuadhibu mkono. Kwa Kifaransa safi kama chake, kwa herufi za ukubwa uleule, nikaandika kwamba mwisho wa mwaka huo mwanafunzi huyu alirudishwa mwaka wa pili kwa sababu ya mwandiko, na kwamba aliyetoa alama hizo ni mtafiti mwenyewe. Binti yangu aliisoma neno kwa neno, akatikisa kichwa kukubali. Nikachapa nakala zote, nikazifunga.

Mwalimu alikuja kuzichukua jioni hiyo. Hakufungua hata moja. Alipitisha kidole juu ya jina lake lililochapwa kwa rangi ya dhahabu kwenye jalada, akamgeukia binti yangu, na kumwambia ajitahidi mwaka ujao, aandike vizuri kama mashini ya mama yake.